Sharubati ya Waridi na Ukungu wa Raina

Jua lilikuwa halijachomoza, na Raina alikuwa shambani tayari. Katika Bonde la Waridi, huko Bulgaria, maua huchumwa alfajiri. Jua likishapanda, harufu hupaa. Na ua lisilo na harufu, mtambo wa kukamua mafuta haulitaki. Kwa hiyo mwezi wa Mei watu wa bondeni hulala na kuku na kuamka kabla ya jogoo.

Raina alifunga aproni yake yenye mfuko mkubwa mbele. Akashika ua kwenye kikonyo, akalivunja. Tk. Akalitia mfukoni. Ua lingine. Tk. Vidole vyake viliijua kazi hiyo tangu alipokuwa na miaka saba. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, na vidole vilikwenda vyenyewe, yeye akiwa nusu usingizini.

Akainua kichwa kuutazama mlima. Hakuuona. Mistari ya waridi ilianza vizuri hapa karibu na magoti yake, kisha ikayeyuka. Mbele kulikuwa na weupe mtupu wenye wekundu kidogo, laini, kama maziwa yaliyodondoshewa tone la zambarau. Ilikuwa inapendeza. Ilikuwa kama kutembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

"Ukungu wa leo mzito," alisema. "Hata mlima umemezwa."

Mumewe, Mincho, alikuwa kwenye mstari wa pili. Akaacha kuchuma.

"Ukungu gani, mama Zlatka?"

"Huo hapo! Kwani wewe huuoni?"

Mincho akatazama. Mlima ulikuwa palepale ulipo siku zote. Kileleni theluji ya mwisho iling'aa, nyeupe kama jibini. Anga ilikuwa safi.

"Hakuna ukungu," alisema polepole.

Raina akacheka. "Nakutania tu. Nilitaka kujua kama umeamka au unachuma ukiwa umelala."

Akainama haraka kwenye maua. Hii haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa wiki ya tatu sasa.

Mama yake, bibi Gana, alianza hivihivi. Alianza kwa kuulaumu ukungu. Miaka mitatu baadaye alikuwa anapapasa ukuta akienda jikoni, na kumtambua mwanawe kwa sauti tu. Raina aliuogopa upofu kuliko kifo. Kifo ni cha wote, alikuwa akisema, lakini mimi nataka kufa huku natazama. Sasa alikuwa na hofu ile, na hakumwambia mtu.

Wakati wa baridi uliopita daktari alikuwa amemwambia kwamba ana kisukari, ile aina ya pili inayowapata wengi ukubwani. Alimpa vidonge. Alimweleza namna ya kula mlo kamili. Raina si mtu wa kuambiwa mara mbili. Siku ileile alilitoa bakuli la sukari mezani. Keki aliziacha. Kahawa akawa anainywa chungu, huku amekunja uso kama anayekunywa dawa ya minyoo. Nusu ya sahani yake ilikuwa nyanya, matango na pilipili hoho. Robo ilikuwa maharage, samaki au jibini. Robo iliyobaki ilikuwa mkate wa unga usiokobolewa. Vidonge alivimeza kwa saa. Hata hivyo, mwezi wa Aprili daktari alipima akatikisa kichwa. Sukari haikuwa imeshuka hata kidogo.

"Basi vipimo vyenu ni vibovu," Raina alimwambia daktari, akaondoka na mkoba wake.

*

Saa tatu asubuhi magunia yalikuwa yamejaa. Walikaa ukingoni mwa shamba kula. Jirani yao Vasilka alikuwa pamoja nao. Vasilka alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji. Kila Mei alichuma nao kabla ya kwenda kazini. Alisema harufu ya waridi humsahaulisha harufu ya spiriti.

Raina alikunjua kitambaa, akapanga mkate, mtindi na nyanya. Kisha akatoa chupa kubwa. Ndani yake kulikuwa na sharubati ya waridi, nyekundu, iliyochanganywa na maji ya kisima. Alikunywa glasi ya kwanza bila kupumua. Ya pili akainywa taratibu kidogo. Akajimiminia ya tatu.

"Kiu gani hiyo, dada Raina?" Vasilka aliuliza. "Jua lenyewe bado changa."

"Mchovya asali hachovyi mara moja," Mincho alisema, akicheka.

"Nyamaza wewe. Kiu tu. Siku hizi nina kiu ya ngamia."

Akainua chupa kummiminia Vasilka. Sharubati ikamwagika kwenye majani, kando ya glasi. Raina hakuona. Aliendelea kumimina mpaka Vasilka alipomshika mkono.

Nyuki mmoja akaja kwenye sharubati iliyomwagika, kisha wa pili.

"Dada," alisema Vasilka, "unaniona vizuri?"

"Nakuona sana. Pua yako ni kubwa kama siku zote."

"Anaona ukungu," Mincho alisema ghafla. "Mlima hauoni. Wiki nzima anagonga ndoo pale uani, anasema paka ameisogeza."

"Mincho!"

"Nitanyamaza mpaka lini? Mficha maradhi kilio kitamuumbua."

Raina alitaka kukasirika. Badala yake macho yake yalijaa machozi, na machozi yakaufanya ukungu kuwa mzito zaidi.

"Sitaki kuwa kama mama," alisema. "Basi. Mmesikia? Sitaki. Ndiyo maana nakunywa hii tangu daktari aliponiambia kisukari. Waridi ni dawa ya macho. Mama aliniambia, na yeye aliambiwa na mama yake. Ukungu ukizidi, naongeza glasi."

"Unaongeza glasi," Vasilka alirudia. "Kwa siku unakunywa ngapi?"

"Sita. Labda saba. Siku za kazi ni nane."

"Na unaitengenezaje?"

Sasa Raina alichangamka. Hakuna mwanamke wa bondeni asiyependa kuulizwa namna yake ya kupika sharubati.

"Unachukua petali kilo moja. Zichumwe na umande. Unazifikicha kwa limau mpaka zitoe rangi. Unatia maji."

"Na nini tena?"

"Moto mdogo."

"Na nini tena, dada Raina?"

Raina alitazama pembeni. "Na sukari kilo mbili. Lakini hiyo si ya kula! Hiyo ni ya kuitunza sharubati isichache. Kila mtu anajua."

Mincho alijifuta uso kwa kofia. Vasilka hakucheka, ingawa midomo yake ilitaka.

"Mimi sitabishana na marehemu mama yako," alisema. "Alikuwa mtu mzuri. Tutaiuliza damu. Siku tatu tu. Kila siku utakula chakula kilekile, kiasi kilekile. Tutabadilisha kinywaji. Saa mbili baada ya kula nitakuja na kipimo. Vidonge vyako usiviache hata siku moja. Na leo hiihii nampigia daktari kuhusu hayo macho, maana macho hayasubiri."

*

Siku ya kwanza Raina alikula supu ya maharage, saladi na kipande cha mkate. Alikunywa maji. Vasilka alimchoma kidoleni, akalitia tone la damu kwenye kipimo. Kikasoma tisa.

"Si mbaya sana kwako," Vasilka alisema. "Tunataka ishuke kidogo tena, lakini si mbaya."

Siku ya pili ilikuwa supu ileile, saladi ileile, mkate uleule. Alikunywa glasi moja tu ya sharubati. Vasilka hakumruhusu ya pili.

Kipimo kikasoma kumi na sita.

Raina alikichukua, akakileta karibu kabisa na pua, akakipeleka mbali.

"Moja na sita?"

"Moja na sita, dada."

"Kwa glasi moja?"

"Kwa glasi moja. Na wewe unakunywa nane."

Walikuwa jikoni. Chupa za sharubati zilipangwa dirishani, kumi na nne, kama ilivyokuwa kila mwaka. Jua la jioni lilipita ndani yake na kuangusha madoa mekundu mezani, kwenye mkate, kwenye mikono ya Vasilka. Raina aliipenda saa hiyo tangu utotoni. Mama yake alikuwa akiiita saa ya chupa kuimba.

"Nieleze," alisema. "Lakini usinieleze kwa Kilatini chenu."

Vasilka alifikiri. "Mincho, ukipeleka magunia mtamboni, nani anayapokea?"

"Vijana wa getini. Wanayavuta ndani."

"Yakija mawili matatu, taratibu?"

"Hakuna shida. Yanaingia yote."

"Na siku ile malori yote yalipofika pamoja?"

"Ah, usinikumbushe. Magunia yalirundikana barabarani. Maua yakaanza kuoza kwa joto, watu wakatukanana mpaka mchana."

"Basi. Sukari ya chakula ndiyo magunia. Barabara ndiyo damu. Insulini ndiyo wale vijana wa getini. Inatengenezwa na kongosho, hapa nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kuiingiza sukari ndani ya seli za mwili iwe nguvu. Kwa mwenye kisukari kama dada Raina, vijana wapo, lakini mageti yamepata kutu. Yanafunguka kwa shida. Wanasukuma mpaka wanachoka."

"Na maharage je?" Raina aliuliza. "Si yana wanga?"

"Yanao. Lakini yana nyuzinyuzi. Unayatafuna, tumbo linayasaga polepole. Magunia yanakuja mawili matatu. Kinywaji hakina cha kutafunwa. Sukari yake inafika yote kwa mara moja, kama malori ya siku ile. Vijana hawawahi. Sukari inabaki barabarani. Ikizidi kwenye damu, inaingilia maji ya ndani ya jicho, na lenzi ya jicho inavimba. Ndipo unapoona ukungu. Ikikaa miaka, inaharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, na hiyo ndiyo hatari yenyewe."

"Na kiu?"

"Mwili unataka maji ili uikojoe sukari iliyozidi. Ndiyo maana una kiu. Na wewe kiu ya sukari unaizima kwa sukari."

Mincho alitikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema kwa sauti ndogo.

Raina aligeukia dirisha. Alikuwa anazitazama chupa, na chupa zilikuwa zimeyeyuka zikawa wekundu mmoja. Ndani ya wekundu ule alimwona mama yake amekaa palepale dirishani, ameinua uso kama vipofu wanavyoinua. Na alimwona binti wa mama huyo, yaani yeye mwenyewe, akimshikisha glasi mkononi. Kunywa, mama. Ni nzuri kwa macho. Asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka mitatu, bila kukosa.

"Vasilka," alisema. "Mimi nilikuwa nampa."

"Dada..."

"Nilikuwa nampa kwa mkono wangu. Alikuwa anakataa, anasema imemkinaisha. Nikawa nambembeleza."

Alilia sana. Vasilka hakumwambia asilie. Alivuta kiti karibu, akakaa.

"Macho ya mama yako hakuna aliyeyapima," alisema baadaye. "Hatujui kilichomharibu. Ulimpa ulichoamini kuwa ni dawa. Hukujua. Leo umejua, na leo ni yako."

*

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Zlatka, binti yao, alikuja kutoka mjini kumpeleka mama yake kwa daktari wa macho Jumatatu. Alikuja na katoni ya soda zisizo na sukari.

"Tamu kama kawaida, mama, na sukari hamna! Kunywa mpaka uchoke."

Supu ileile, saladi ileile, mkate uleule. Raina alikunywa soda ile moja. Baada ya saa mbili kipimo kikasoma tisa na nusu.

"Haa!" Raina alipiga meza. "Nimepona! Mincho, toa maji mezani. Kuanzia leo nakunywa hii tu."

"Taratibu, dada," alisema Vasilka. "Kipimo changu kinapima sukari tu. Insulini hakiioni. Ni kweli soda hii haina sukari, kwa hiyo haikuleta malori. Ni afadhali mara mia kuliko sharubati. Lakini ulimi umeonja utamu, na wataalamu bado wanauliza mwili unafanya nini ukionja utamu usio na sukari. Katika uchunguzi mwingi insulini haikubadilika. Katika mwingine, kwa baadhi ya watu waliokunywa mara kwa mara pamoja na vyakula vya wanga, mwili ulionekana kuipokea insulini vibaya zaidi. Jibu la mwisho bado. Anayekwambia analo, muulize kalitoa wapi."

"Kwa hiyo ninywe nisinywe?" Raina aliuliza. "Maana nyie wasomi mkianza kuzunguka hamfiki."

Zlatka akacheka. Vasilka naye.

"Kunywa mojamoja, wakati unajizoeza kuachana na sukari. Soda hii ni daraja. Daraja ni la kuvukia, hatujengi nyumba juu yake. Ukiinywa kutwa, ulimi wako utabaki unadai utamu, na siku moja utaurudia wa kweli. Ng'ambo ya daraja kuna maji."

"Na juisi ya matufaha?" Mincho aliuliza. "Ile tunayokamua wenyewe."

"Tufaha litafune, mzee. Meno bado unayo."

"Mawili."

"Basi tafuna polepole."

*

Jumatatu daktari wa macho alimtia Raina dawa ya matone, akamchungulia kwa taa ndogo. Zlatka alimshika mama yake mkono, na mkono ulikuwa baridi. Daktari alichukua muda mrefu. Halafu alisema nyuma ya jicho kumeanza alama mbili ndogo tu, za kuangaliwa kila mwaka bila kukosa. Ukungu wenyewe aliamini ungeondoka, sukari ikishuka na kutulia. Ungechukua wiki, labda miezi. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Raina alimwuliza pia jambo lililokuwa linamsumbua. Je, siku moja akipewa insulini ya sindano, ndiyo mwisho?

"Nani kakwambia ni mwisho?" daktari alisema. "Ukiihitaji, ni msaada. Ni kuiongezea mwenzake insulini ya mwili wako, inayofanya kazi peke yake."

"Vijana wa getini," Raina alisema. Daktari hakuelewa, lakini Zlatka, aliyekwisha kusimuliwa habari yao, alielewa.

Jioni ile Raina alizimwaga chupa kumi na tatu chini ya mti wa plamu. Sisimizi wa kijiji kizima walifanya harusi pale siku tatu. Chupa ya kumi na nne aliibakiza dirishani. Aliikaza kifuniko, akaikataza nyumba nzima kuigusa. Ilikuwa ya kutazamwa.

Lakini mgeni bondeni hapokelewi kwa mikono mitupu, na waridi ni waridi. Raina alichukua petali zilizochumwa na umande, akazilaza usiku kucha katika jagi la maji baridi na kipande cha limau. Asubuhi maji yalikuwa na rangi hafifu na harufu yote ya shamba. Sukari hakutia hata chembe. Jirani wa kwanza aliyeonja alikunja uso.

"Raina, umesahau kitu."

"Sijasahau. Kunywa. Ukifumba macho utayasikia matamu."

Jirani alifumba macho. Kisha akasema, kwa kweli, kuna kitu. Akaomba glasi nyingine.

Wiki zilipita. Kiu iliondoka kwanza. Kisha usingizi mzito uliokuwa ukimshika mchana. Siku moja ya mwezi wa Julai Raina alikuwa anafua uani, akaona paka amelala juu ya ndoo, akahesabu sharubu zake. Vuli ilipofika, daktari alipima sukari akatabasamu. Raina alimwambia vipimo vyao sasa vimepata akili.

*

Mei ikarudi. Siku ya kwanza ya kuchuma, Raina alitoka mlangoni kabla ya jua, aproni kiunoni. Akasimama.

Hakukuwa na mlima. Hakukuwa na uzio wala mti wa plamu. Dunia yote ilikuwa weupe laini, na waridi za mstari wa kwanza zilielea ndani yake kama taa zinazozimika. Aliinua mkono mbele ya uso wake, akaona kila mstari wa kiganja. Lakini mlima haukuwapo.

"Mincho," aliita. "Mincho, njoo."

Mincho alitoka na kikombe cha kahawa. Alisimama kando yake.

"Niambie unachokiona," alisema Raina. "Usinifiche."

Mincho alitazama kulia. Akatazama kushoto.

"Nakuona wewe," alisema. "Basi. Ukungu wa leo, mama Zlatka, hata kisima umekimeza."

Raina aliishika mikono ya mumewe. Alicheka, akalia, kahawa ikamwagika, naye hakujali. Wakasimama hivyo wawili ndani ya ukungu, mpaka jua lilipopanda na mlima ukaanza kutokea polepole, kwanza theluji, kisha msitu, kisha mawe yake yote. Raina ndiye aliyeuona kwanza.